Bustani ya uani pwani: kazi ya masika huanza kaskazi

Ukienda kununua mbegu siku ambayo mvua kubwa ya kwanza ya masika imeshapiga bati, umechelewa. Mvua hiyo ilitakiwa ikute shimo limechimbwa, mboji imeiva na mfereji umekaa sawa. Badala yake inakuta ua umefagiwa ukang'aa. Inapita juu juu, inabeba ule udongo mwembamba uliokuwa nao, inakwenda zake mtaroni, na mvua ikikatika kidogo tu wewe unarudi kisimani na ndoo.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa nje kidogo ya Tanga mjini, mahali ambapo upepo wa bahari bado unafika. Ua wangu ni kama hatua 20 kwa 15. Udongo wake ni mchanga, na ukichimba hadi usawa wa kiuno unagonga jiwe la matumbawe. Mchanga wa namna hii haushiki maji wala haushiki mbolea. Samadi unayotia leo, masika moja inaishusha chini ambako mizizi ya mchicha haifiki. Nayasema haya mapema ili aliyeko Lushoto au Iringa ajue kwamba miezi na baadhi ya mimea ninayoitaja haitamfaa, ingawa utaratibu utamfaa.

Utaratibu wenyewe huitwa kilimo cha kudumu. Fikra hiyo ilipewa jina huko Australia miaka ya 1970 na Bill Mollison na David Holmgren, na ukiwasikiliza baadhi ya walimu wake wa siku hizi unaweza kudhani unahitaji cheti ndipo upande matembele. Kwa ua wa nyumbani mambo ni machache. Maji yanayoingia uani yasitoke kabla hayajafanya kazi. Udongo usikae uchi. Taka ya jikoni isivuke uzio. Kila mmea ukae pale ambapo haja zake zinapatikana bila wewe kuhangaika nao kila saa. Mimi naongeza moja: kazi ya kila msimu ifanyike msimu ulioutangulia. Ndiyo maana naanza na kaskazi, wakati ambao watu wengi wameiacha bustani ijifie.

Kaskazi: usome jua kwanza, jembe baadaye

Kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Machi upepo unatoka kaskazini mashariki, joto linakaba na visima vya karibu na bahari vinaanza kuwa na chumvi chumvi. Si wakati wa kupanda vitu vingi. Ni wakati wa kuchimba, alfajiri na jioni, na mchana ukae kivulini uitazame nyumba yako.

Tazama kivuli. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Jua linapita juu ya utosi mapema Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Juni na Julai limeelemea kaskazini, kwa hiyo kivuli cha ukuta kinaangukia kusini. Desemba na Januari limeelemea kusini, kivuli kinaangukia kaskazini. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu ardhi iliyo ubavuni mwa nyumba upande wa kaskazini inapata jua wakati wa kipupwe na kivuli wakati wa joto kali. Ukuta wa mita 3 unatoa kivuli cha karibu mita 1 adhuhuri ya Desemba, na mita 1 ndiyo upana wa kitanda. Hapo weka mboga laini: figiri, kotimiri, vitunguu vya majani, mchicha wa Januari. Upande wa kusini mambo yamepinduka: kipupwe unapata kivuli na upepo wa kusi wenye chumvi, kaskazi unachomwa. Huko peleka vigumu visivyolalamika, mlonge, mbaazi, mchaichai, na uzio wa miti ya gilirisidia wa kuvunja upepo. Nimeona watu wakifuata maandishi ya Ulaya, ambako jua halifiki juu ya kichwa hata siku moja, wakaambiwa ukuta mzuri ni wa kusini, wakatii.

Baada ya hapo shika jembe. Kwenye mafunzo mengi utaoneshwa kitanda kilichoinuliwa. Kwa udongo wa mfinyanzi ni sawa. Kwa mchanga wa pwani kitanda kilichoinuliwa kinakaukia juu na kila ubavu, na utakimwagia maji hadi uchoke. Mimi nashusha. Pima upana wa mita 1, ili ukichuchumaa upande wowote mkono ufike katikati bila kukanyaga. Toa udongo hadi sentimita 40, ule wa juu wenye rangi nyeusi uuweke kando peke yake. Chini panga makumbi ya nazi, matumbo yakitazama juu, yabanane. Juu yake samadi kavu ya mbuzi na majani ya gilirisidia, maana makumbi yakianza kuoza hunyang'anya mimea naitrojeni na lazima uyape chao mapema. Kisha rudisha udongo uliochanganywa na mboji, ndoo moja ya mboji kwa ndoo mbili za udongo, na uache uso wa kitanda uwe chini ya njia kwa sentimita 5 hadi 10. Makumbi yakishalowa yanakaa na unyevu muda mrefu baada ya mchanga kukauka. Tumia ya nazi zilizofuliwa nyumbani. Yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi, yaache huko huko.

Kitanda cha kushuka kina adui mmoja, nayo ni mvua ya Mei. Kwa hiyo kwenye ncha ya chini ya kila kitanda acha mlango mdogo ulioziba kwa jiwe. Mvua ikizidi unatoa jiwe, maji yanashuka kitanda kinachofuata, na cha mwisho kinamwaga kwenye shimo la migomba nitakalolieleza.

Ili yashuke unakotaka lazima ujue ardhi inalalia wapi. Usiamini macho. Chukua mpira wa maji unaopitisha mwanga, wa mita 10 hivi, ujaze maji bila mapovu, mmoja ashike ncha moja na mwingine ncha ya pili kwenye fimbo zilizotiwa alama. Maji ya ncha mbili siku zote yako usawa mmoja. Tofauti ya alama ndiyo tofauti ya ardhi. Chimba mfereji wa kupokea maji ukifuata usawa huo, kina cha sentimita 30, udongo uutupe upande wa chini uwe tuta, na juu ya tuta panda mchaichai ili mizizi ishike. Maji yanayoingia uani kutoka barabarani yatasimama humo, yazame taratibu.

Kuhusu maji ya bati, hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 7 ni mita za mraba 56. Mvua ya milimita 10, ambayo katika masika yetu ni ya kawaida kabisa, inakupa lita 560, na hata ukitoa zinazoruka nje ya mfereji wa bati bado una zaidi ya 400. Siku moja! Hakuna tangi la mtu wa kawaida litakalokinga masika nzima. Kinga ya kunywa na kupikia, halafu bomba la kufurikia lielekeze kwenye kitanda cha kwanza, maana ghala lako kubwa ni ule udongo wenye mboji na makumbi. Mvua ya kwanza kabisa baada ya kaskazi iende bustanini yote; imebeba vumbi na mavi ya ndege. Na mdomo wa tangi uufunike kwa wavu. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotulia, na mwaka 2019 Tanga na Dar es Salaam ziliyaona ya dengi. Mimi hushona kofia ya chandarua yenye lastiki pembeni, inavuliwa na kuvishwa kama kofia ya kuogea.

Shimo la migomba

Nyumba nyingi za zamani huku kwetu zina mgomba nyuma ya bafu. Hilo ndilo shimo la migomba, ila limeachwa bila mpango. Tulipange.

Chimba duara la mita 2 kwa upana na karibu mita 1 kwenda chini, au hadi matumbawe yakukatalie. Udongo utakaotoka uzungushe ukingoni, isipokuwa pale maji ya bafu yatakapoingilia. Ndani tupa vitu vikubwa kwanza: magogo ya migomba, makuti, vigogo vilivyooza. Halafu majani, maganda, mabaki ya jikoni, na juu daima funika na majani makavu ili nzi wasikae. Lijaze hadi lichomoze kama kichuguu. Litashuka, utaongeza, litashuka tena. Hiyo ndiyo kazi yake.

Mvua zikianza, ukingoni panda migomba 4. Chagua vichipukizi vyenye majani membamba yaliyochongoka. Vyenye majani mapana huonekana vinono lakini huzaa kwa kuchelewa. Kati ya mgomba na mgomba weka mpapai. Kwenye mteremko wa nje tambaza viazi vitamu, ambavyo vitakupa matembele mwaka mzima, na pale maji yanapoingilia pakae magimbi. Shina moja la mgomba libaki na watatu tu: mama, mtoto na mjukuu. Wengine wakate uwatupe shimoni.

Maji ya kuogea na ya kufulia kwa sabuni ya kawaida hayana neno. Yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hapana. Maji ya kuoshea mchele usiyapeleke huko mbali, yamwage kwenye pilipili mlangoni. Na kama kisima chako kina chumvi, mpe mnazi. Maharage usiyape hata kikombe, kingo za majani zitaungua.

Mboji iwe imeanza kabla Januari haijaisha

Kwa joto la pwani mboji iliyotunzwa inaiva kwa karibu miezi miwili. Anza mwishoni mwa Januari, masika iikute tayari. Rundo dogo halipati moto, kwa hiyo lisipungue mita 1 kila upande. Chini vijiti vya kupitisha hewa. Kisha tabaka la makavu (majani, mabua, makuti yaliyokatwakatwa), tabaka la mabichi, samadi, udongo kidogo, maji, na tena. Makavu yawe mengi kuliko mabichi. Magugu yenye mbegu yasiingie. Machicha ya nazi wape kuku kwanza, yatarudi kwenye rundo yakiwa samadi.

Chomeka fimbo ndefu katikati. Siku tatu nne baadaye ichomoe uishike. Ikiwa ya moto na ina unyevu, mambo yanakwenda. Ikiwa ya moto lakini kavu, mwagia. Ikiwa ya baridi na inanuka vibaya, hewa hakuna: pindua rundo, ongeza makavu. Pindua kila baada ya wiki mbili hata kama fimbo inakuambia vizuri.

Mwenye kuku asikimbilie kutia mavi yao mabichi kitandani, yanaunguza. Njia yangu ni tenga lisilo na tako. Kitanda kikishavunwa naweka tenga juu yake na kuku wawili watatu ndani, wanaparua, wanakula mabuu na mbegu za magugu, wanaacha samadi. Nikishawasogeza, kitanda kinapumzika wiki tatu chini ya matandazo ndipo kipandwe. Kuku asiye na tenga na bustani ni maadui, usijidanganye.

Kazi ya mwisho ya kaskazi, kama wiki mbili kabla ya kutarajia mvua, ni kukata uzio. Gilirisidia na mlonge vishushe hadi kifuani. Majani laini yaende vitandani moja kwa moja, ni mbolea. Fito zilizonyooka, unene wa kifundo cha mkono, ziweke kivulini; ndizo mbegu za uzio mpya.

Masika: panda vinavyokaa

Usipande kwa mvua ya kwanza. Mvua za mwisho wa Machi hudanganya, zinalowesha juu na kuondoka. Chimba kwa mkono: unyevu ukiwa umefika urefu wa kiganja, panda.

Masika ni ya vitu vitakavyokaa muda mrefu na vitu vya kufunika ardhi. Migomba, mipapai, mihogo ya kisamvu, fito za gilirisidia (zika sentimita 30, kichwa kikatwe mshazari ili maji yateleze), kunde kati ya mihogo, mbaazi mstari mzima upande wa kusini. Mbaazi hizo zitazuia kusi, zitaacha naitrojeni ardhini, na kuanzia Agosti hivi utakuwa na mbaazi za nazi za kulia mahamri bila kwenda sokoni.

Mchicha uweke kidogo kidogo. Mvua kubwa inazika mbegu zake au inazisukuma zote pembeni, kwa hiyo changanya mbegu na mchanga mkavu, mwaga kwa mistari, funika kwa makuti hadi ziote, kisha uyatoe jioni. Wiki tatu hadi nne unachuma. Usiung'oe, kata juu ya jicho la pili au la tatu, utachipua.

Nyanya katika masika ni kumlisha ukungu. Yuko mama mmoja jirani, mtu mzima, ananiambia, "Mwanangu, mbona zangu zinazaa?" Zinazaa kwa sababu ziko chini ya upenu wa bati, majani hayalowi. Kama una upenu, haya. Kama huna, subiri.

Matandazo msimu huu yawe membamba, sentimita 2 au 3. Yakiwa manene yanakuwa nyumba ya konokono. Majivu hayawazuii, yakishalowa wanapita juu yake bila wasiwasi. Dawa ni tochi na ndoo baada ya isha, na vipande vya mbao vilivyolazwa njiani: asubuhi unavifunua, wako chini yake wamelala. Bata wanawapenda wale wadogo.

Sasa kazi ya kipupwe, ambayo inafanyika humu humu kwenye tope. Katikati ya Mei sia nyanya, sukumawiki na hoho kwenye kitalu kilichoezekwa kichanja cha makuti. Wiki nne baadaye mvua zimepungua na miche iko tayari. Anayesubiri mvua ikatike ndipo asie anapoteza nusu ya msimu mtamu kuliko yote.

Kipupwe: msimu wa nyanya na wa gunia

Juni hadi Agosti hewa ni ya ubaridi, jua halichomi, na manyunyu ya hapa na pale yanasaidia. Hapa ndipo sukumawiki inakua vizuri na karoti inaweza kujaribiwa.

Nyanya zipande sentimita 60 kutoka shina hadi shina, mche uzikwe hadi karibu na majani ya kwanza kwa sababu shina lake huota mizizi. Miti ya kuegemezea, sisi wa Tanga tunayo bure au karibu na bure: milingoti ya mkonge iliyokauka, myepesi na imenyooka. Mwagia chini, majani yasilowe. Matandazo sasa yapandishe hadi sentimita 8 au 10, lakini yasiguse shina. Mchwa watakuja kula matandazo. Waache wale, wanapenda vikavu zaidi ya vibichi, na wanapofanya hivyo wanachimba vinjia vya hewa na maji. Ukiona wameanza kupanda shina, sogeza matandazo na ulowanishe.

Adui ni kantangaze, yule nondo aliyeingia nchini mwaka 2014. Kiwavi wake anachora njia nyeupe ndani ya jani kisha anatoboa tunda. Majani yenye michoro yachume, yatie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge na kuuacha juani. Usiyatupe kwenye mboji. Juu ya kitanda simamisha fremu ya mlingoti na wavu. Vyandarua vilivyochakaa visivyotumika tena kitandani vina sehemu nzima nyingi, naziunga kwa mashine, nakunja pindo chini na kupitisha kamba. Nyanya inajichavusha yenyewe ukiitikisa asubuhi, kwa hiyo wavu haudhuru. Maboga usiyafunike hivyo, yanamtaka nyuki.

Kwa vidukari vya kunde na sukumawiki, kijiko cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji kinatosha, unanyunyiza chini ya jani. Kwanza kagua: ukiona wale wadudu wadogo wa duara, wekundu wenye madoa meusi, acha kila kitu, wanakufanyia kazi. Kwa viwavi tumia mwarobaini. Kokwa zina nguvu kuliko majani: twanga gramu 50 za kokwa kavu, loweka usiku kucha kwa lita moja, chuja, nyunyiza jioni, maana jua huiua dawa hiyo haraka.

Mahali palipokaa nyanya, msimu unaofuata usipeleke bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala mnavu. Wote ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni mamoja. Peleka kunde, au kama ukiing'oa mizizi unaikuta ina vinundu vya minyoo fundo, panda marejea, uifyeke ikianza kutoa maua na kuilaza hapo hapo.

Mpangaji mwenye kibaraza tu asione haya hayamhusu. Gunia linamtosha. Chukua kiroba imara cha kilo 100, kunja mdomo wake mara mbili na uushone. Simamisha ndani kopo kubwa lisilo na tako wala kifuniko, ulijaze kokoto, na kulizunguka jaza udongo na mboji nusu kwa nusu. Vuta kopo juu, kokoto zibaki, jaza tena, vuta tena, hadi juu. Umepata nguzo ya kokoto katikati inayopeleka maji chini. Ubavuni toboa kwa mkasi alama za msalaba, si duara, zipishane kwa kiganja na nusu. Duara linamwaga udongo, msalaba unabana shina. Tia miche ya sukumawiki, mchicha, figiri. Juu weka nyanya moja au pilipili. Maji unamwaga juu tu, asubuhi lita 5, jioni tena kama jua lilikuwa kali. Kiroba cha plastiki huungua kwa jua na kuchanika ndani ya mwaka mmoja hivi. Kivishe gunia la katani kuukuu kwa nje, kitadumu zaidi.

Septemba, kabla joto halijarudi, acha mashina bora ya mchicha yatoe mbegu. Bora maana yake yaliyochelewa kutoa maua na yenye majani mapana, si yale yaliyobaki kwa sababu hukuyataka. Bamia iache ganda likaukie mtini. Mbegu za kunde changanya na majivu makavu ndani ya chupa iliyojaa hadi mdomoni, kifuniko kikazwe.

Vuli: panda vya haraka, andaa joto

Vuli ni ya kubahatisha. Mwaka 2022 ilikuwa haba, 2023 El Niño ikamwaga hadi barabara zikakatika. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya Oktoba, na hata hivyo panda kana kwamba mvua itakatika mwishoni mwa Novemba: mchicha, bamia, kunde za majani, choroko zinazokomaa kwa miezi miwili na kidogo. Mahindi ya kuchoma mistari miwili karibu na shimo la migomba, ili yakikosa mvua yapate unyevu wa bafu. Malenge yatambae juu ya rundo la zamani la mboji.

Milango ya vitanda msimu huu ifunge yote. Hakuna tone la kuruhusu liondoke.

Mvua ya vuli ikiwa bado inanyesha, ndipo utandaze matandazo manene ya mwaka, sentimita 10 na zaidi, juu ya udongo uliolowa. Ukitandaza juu ya udongo mkavu umeufunika ukavu, na mvua ndogo ya baadaye itaishia kwenye majani bila kufika chini. Bilinganya na nyanya chungu ziwe zimeshika mizizi kufikia mwisho wa Novemba, ndizo zitakazokuvusha Januari pamoja na kisamvu, matembele na mlonge. Kwa vitanda visivyopata kivuli cha nyumba, simamisha milingoti minne urefu wa kifua na kuezeka makuti machache machache, jua lipite kwa vipande. Kamba uzifunge kwa fundo la kufunguka. Kusi likianza Aprili utayashusha yote uyatie kwenye mboji.